Kinasa Kilichojaa Mama

Nilikwenda nyumbani Mandewa na vipande sita vya kofia za bodaboda, na kufikia Alhamisi jioni nilikuwa nimebaki na kimoja. Vile vitano vilikuwa vimepigwa gololi ya chuma katikati ya kifua, barabara kabisa, kama nilivyopanga. Tatizo ni kwamba vilipasuka bila kunieleza chochote. Kila nilipofungua kinasa kuona kilichotokea, nilimkuta mama yangu.

Nieleze taratibu, maana hata mwenyekiti wetu wa mtaa ilimchukua vikombe viwili vya chai kuelewa, na yeye ni mtu mwepesi.

Kazi yangu ni kurusha gololi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, ipige kipande cha kofia, kisha kujua mgongo wa kile kipande umefanya nini. Sisemi baada ya kupigwa. Baada ya kupigwa hata asiye na macho mazuri anaona kimepasuka. Nataka kujua ulifanya nini wakati unapigwa: ulianza kusogea lini, kwa kasi gani, ulisita wapi. Mambo hayo yote yanaisha kabla hujamaliza kufumba jicho, kwa hiyo macho hayafai, na tunatumia leza. Mwanga mwekundu unagawanywa mara mbili. Nusu inatumwa kwenye mgongo wa kipande, inagonga na kurudi. Nusu nyingine inabaki nyumbani. Zikikutana zinapeana habari, na mgongo ukiwa umetulia habari zinalingana. Mgongo ukisogea hata kidogo kuliko unene wa unywele, zinaanza kubishana, na ubishi wao unanaswa na kinasa, kisha unachorwa kwenye kompyuta kama mawimbi. Mimi nahesabu mawimbi na kupata kasi. Nikifika hapa watu wengi hunitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimeolewa.

Chuoni kwetu maabara iko kando ya barabara kuu. Kwa mihula miwili nilikuwa nimenasa malori. Malori yenye shehena, malori matupu, na mara moja trekta. Msimamizi wangu, mtu mpole ambaye upole wake unatisha, aliniita ofisini akaniambia, "Niletee pigo moja safi kabla ya mwisho wa mwezi. Sitaki kumi, nataka moja. Likikosekana tunafunga jalada, na wewe unarudi zako shuleni."

Shuleni! Nilikuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka tisa, na nilipoaga kwenda kusoma walinifanyia sherehe. Walinipa saa ya ukutani na keki yenye jina la fani yangu, japo walilikosea. Mkuu wa shule alilia. Mtu huwezi kurudi mahali ambapo mkuu wa shule amekulilia. Usiku ule sikulala, nilikuwa nikiwaza mahali popote nchini ambapo ardhi imetulia, na ndipo nilipolikumbuka jiwe letu.

Aliyefika Singida hahitaji kuelezwa habari za mawe. Nyumba zetu zimejibanza katikati yake tu, na sisi hatuyaoni tena. Lililo nyuma ya kwetu ni kubwa kuliko nyumba yenyewe, pana, limelala kwa upole, na bibi yangu alianika mlenda juu yake kabla mama hajazaliwa. Pimbi huota jua upande wa mashariki. Nilijiambia: kitu kilichokaa pale tangu dunia iumbwe bila kutikisika, hakitaanza kutikisika kwa ajili yangu. Nikaenda kuomba gari la chuo.

Dereva aliniteremsha Jumapili na kuahidi kurudi Ijumaa alasiri. Mama alitoka nje akitazama vitu vinavyoshushwa: kompresa, bomba refu la chuma, masanduku mawili ya vioo, mabati ya kujikinga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umehama au umefukuzwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, na nikaona kile kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, kilichopinda kwenye kifundo na kuelekea pembeni kana kwamba kinamwonyesha mtu mwingine. Sipendi kukitazama kidole kile. Nikiwa na miaka tisa nilikivunja mimi.

Kwetu kinu hakitwangwi na mtu mmoja kama kuna mwenzake karibu. Mmoja akiinua mchi, mwingine anashusha, na wakiwa watatu wanapokezana hivyohivyo bila kugongana. Anayejiunga haulizi. Anasimama na mchi wake, anaona upenyo, anaingia. Mama alikuwa anatwanga karanga na mama mdogo, na kila mchi ukipanda yeye aliingiza mkono haraka kuzigeuza. Mimi niliamua kwamba nimekua. Nikahesabu: moja, mbili, moja, mbili. Nilihesabu vizuri sana, mtoto wa darasa la tatu mwenye akili, na kwa kuwa nilikuwa nahesabu nilichelewa. Mchi wangu ulifika wakati mkono wa mama uko ndani. Hakunipiga wala hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Alipopona alinipa ungo, na tangu hapo mimi nikawa mtu wa kupepeta. Miaka thelathini nimepepeta. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuniambia ingia. Ukinitazama vizuri utaona kwamba nimejitafutia shahada nzima ya kupiga vitu kwa mbali, nyuma ya bati, na nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu mpaka nikaumwa mbavu.

Basi mama akasogeza mlenda wake uliokuwa ukikauka, akanipa upande wa pimbi. Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti, na huko nikafanya kosa la kutaja neno bunduki.

"Bunduki ya nini?"

"Ya hewa, mwenyekiti. Ya utafiti."

"Ina kibali?"

"Ina barua ya chuo."

"Barua si kibali. Inaua?"

"Inaua kofia tu."

Hapo ndipo vikombe vya chai vilipoanza. Kufikia cha pili tulikubaliana kwamba kile kifaa ni bomba, kwenye daftari kiandikwe bomba, na kwamba yeye mwenyewe atafika kulikagua.

Jumatatu nilipiga mara mbili. Utaratibu ulioandikwa na msimamizi ni huu: jaza hewa, tega kinasa, rudi nyuma ya bati, hesabu hadi kumi, fungua valvu. Kinasa kikishategwa kinakaa macho, na mgongo wa kofia ukitikisika tu, hata kidogo sana, kinaanza kunasa. Kinanasa sekunde mbili kisha kinajaa na kulala. Nilikuwa nimekitega kwa wepesi mno kwa makusudi, kwa sababu ule mtikisiko mdogo wa mwanzo ndio niliokuwa nautafuta. Ndio unaosema kofia itamlinda mtu au itampamba tu.

Paa! Pimbi wote wakatoweka. Nikakimbilia kompyuta nikitarajia ukuta, yaani mstari uliolala kisha ukapanda ghafla. Nikakuta vilima viwili vya mviringo, vinene, vimeachana vizuri, na kati yao bonde. Nikapiga tena. Vilima viwili, bonde. Nilikagua nyaya, nikafuta vioo, nikajilaumu, nikawalaumu waliotengeneza kifaa, nikamlaumu dereva. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nimeshika kichwa ndipo nikasikia, upande wa jikoni, tu... tu... tu.

Nikatazama skrini. Tu, na mstari ukapanda. Tu, na mstari ukapanda.

Jiwe lilikuwa halitikisiki, ni kweli. Lakini lilikuwa halifichi kitu. Jiko la mama limejengwa juu ya mguu wa jiwe hilohilo, na kila mchi uliposhuka habari zilifika kwangu nzima nzima. Wakati nikihesabu hadi kumi kwa utaratibu, mama alikuwa ameshakiamsha kinasa, amekijaza, na amekilaza. Gololi ilipofika hapakuwa na nafasi.

"Mama," nilimwambia, "kinasa kimejaa wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umetwanga."

"Nimetwanga kwangu." Na kweli alikuwa kwake.

Jumanne alikubali kupumzika nusu saa. Nikapiga, nikafungua, nikakuta vilima vingine, vyembamba na vya haraka haraka. Mama alivitazama juu ya bega langu, akasikiliza upepo, akasema, "Huyo jirani. Anatwanga kwa hasira, mume wake karudi." Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba jiwe linapita chini ya uzio na kuibukia kwa jirani, na pengine chini ya Mandewa yote. Hivyo pia ndivyo jirani alivyojua kwamba anaonekana. Alikuja na mtandio begani kutaka kuona kilima chake, akakifananisha na cha mama, akaondoka hakuridhika. Baadaye niliona kwenye skrini anatwanga kwa nguvu maradufu.

Jumatano nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba kimya cha dakika kumi. Watu walikubali kwa moyo mweupe kabisa, maana mtu wa kwao kasoma. Michi yote ikalazwa. Nilijaza hewa, nikatega, nikarudi nyuma ya bati. Nilipofika saba, jirani alitokea na ndoo ya maji kichwani, akanyata mpaka katikati ya jiwe, akaitua, akaninong'oneza, "Umeshamaliza?"

Kwa mshtuko nikafungua valvu, na kipande cha nne kikaenda bure. Ndoo ya maji ikituliwa juu ya jiwe inatoa kilima kimoja kikubwa, na juu yake vilima vidogo vya maji yanayochezacheza. Ni picha nzuri sana. Sikuihitaji.

Alhamisi mwenyekiti alijitolea kusimamia kimya yeye mwenyewe. Alikuja na kofia ya heshima na bakora, akasimama juu kabisa ambapo mtaa wote unamwona. Sikuwa na ujasiri wa kumkataza. Nilitega kinasa, nikahesabu, moja, mbili, tatu, na kwa mbali mtoto wa mtu akacheka. Mwenyekiti akainua bakora na kuishusha kwenye jiwe kwa nguvu zote za serikali ya mtaa.

"Kimya!"

Nikaruka, na valvu ikafunguka mkononi mwangu. Hicho ndicho kilikuwa kipande cha tano.

Jioni nililia. Sikulia kwa kificho, nililia jikoni mbele ya watu, mwanamke wa miaka thelathini na tisa mwenye miwani ya kujikinga kichwani. Nililia hasira. Nililiona dawati langu la ualimu, chaki, na mkuu wa shule akijifanya kufurahi. Nilikuwa na kipande kimoja. Dereva alikuwa anakuja kesho yake, na jirani alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, Jumamosi. Maana yake Ijumaa nzima karanga zingetwangwa katika vinu vitatu, na mama yangu ndiye mkuu wa karanga. Hakuna mtafiti duniani anayeweza kusimamisha sendofu.

Mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nionyeshe tena hao mimi."

Nikafungua kompyuta. Akavuta kigoda.

"Hiki ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na hiki?"

"Wewe tena."

"Na hapa katikati?"

"Hapo hakuna kitu, mama. Hapo mchi uko juu."

Akanigeukia taratibu, kwa uso ule ambao walimu humwekea mwanafunzi aliyekaribia jibu halafu akalikimbia. "Sasa si hapo ndipo pa kuingia?"

Nikaanza kumweleza kwa nini haiwezekani.

"Huko nyuma ya bati unafanya nini muda wote huo?" akauliza.

"Nahesabu hadi kumi."

"Nani kakwambia uhesabu?"

"Utaratibu."

"Unachelewa," alisema mama. "Siku zote unachelewa kwa sababu unahesabu." Kidole chake kilichopinda kilikuwa kimekaa juu ya skrini, kwenye bonde.

Nililala nikilifikiria jambo lile, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa sahihi, jambo ambalo liliniudhi. Siku tatu nilikuwa naomba watu wanyamaze, na kimya cha watu hakiaminiki, daima kuna mwenye ndoo. Lakini mapigo yao yanaaminika. Wanawake wale wametwanga pamoja miaka na miaka, na bonde baina ya mchi na mchi linajulikana upana wake kuliko kitu chochote nilicho nacho maabara.

Asubuhi ya Ijumaa mama aliagiza vinu vyote vitatu viletwe kwetu. Niliyeomba ukimya nikaletewa vinu mlangoni. Vilipangwa juu ya mguu wa jiwe, hatua chache nyuma ya mabati yangu, wanawake sita, wawili kila kinu. Mwenyekiti alikuja pia, akapewa kiti juu ya udongo, si juu ya jiwe, na bakora ikahifadhiwa ndani.

"Leo hatupokezani," mama aliwaambia. "Tunashuka wote, tunapanda wote. Huyu mtoto anataka kuingia."

Walicheka sana. Wote walikuwa wanakijua kidole. Jirani akauliza kama wahamishe mikono, na vicheko vikaanza upya. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

Nilikifunga kipande cha mwisho na kujaza hewa. Kitufe cha kutega nikakishika kwa mkono wa kushoto, mpini wa valvu kwa mkono wa kulia. Zoezi lilikuwa jepesi kulisema: mchi ushuke, kilima kipite, nitege na kufungua valvu papo hapo, gololi ifike kabla mchi haujashuka tena.

Wakaanza. Vinu vitatu vikitwangwa kwa pamoja unavisikia kwenye magoti. Tu. Tu. Tu. Nilitazama mstari ukipanda na kulala, ukipanda na kulala. Moja, nikasema moyoni, mbili, na mikono yangu ikaganda kabisa. Moja, mbili. Upenyo ukapita. Mwingine ukapita. Jasho likaingia kwenye miwani.

"Usihesabu!" mama alipaza sauti bila kuacha kutwanga.

"Sihesabu!"

"Midomo yako inahesabu!"

Nikauma midomo. Nikaacha kutazama skrini, nikatazama michi. Sita, ikipanda, mbao zimeng'aa kwa mafuta ya karanga, inashuka, inapanda. Sijui ni lini niliamua. Nakumbuka tu kwamba michi ilikuwa juu na mikono yangu ikawa imeshafanya.

Paa!

Tu, ikajibu michi. Hawakukosa hata pigo moja.

Niliogopa kutazama. Aliyetazama kwanza ni mwenyekiti, akasema, "Hapa pana ukuta." Nikamsukuma, Mungu anisamehe, mtu mzima yule. Kulikuwa na ukuta kweli. Mstari ulilala, ukatetemeka kidogo sana, ule mtetemo wa mwanzo niliokuwa nimeutafuta mihula miwili. Kisha ukapanda wima, ukasita, ukarudi, ukatulia. Mwishoni kabisa mwa kinasa, kwa mbali na kwa heshima, kulikuwa na kilima cha mviringo.

Nikaupiga picha ule mstari na kumtumia msimamizi. Niliketi juu ya jiwe nikingoja, na nadhani pimbi mmoja alikuja kungoja na mimi. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: "Safi. Kabisa. Hicho kilima cha mwisho ni nini?"

Nikaandika: "Ni mama."

Hakujibu tena siku ile, lakini jalada halikufungwa, na ule mstari sasa uko ukutani maabara, na kilima chake hakijakatwa.

Dereva alikuwa bado hajafika. Nilifungasha vioo, nikazungusha nyaya, na kwa kuwa karanga za sendofu zilikuwa bado nyingi, nikaenda kwenye vinu na kuchukua ungo wangu, kama kawaida. Nilikuwa nimeinama kuketi wakati jirani aliposema mkono umemuuma, anakwenda kunywa maji. Kwenye kinu cha mama pakabaki mchi umeegemezwa.

Mama aliendelea kutwanga peke yake mapigo mawili matatu. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Sasa unangoja nini? Ingia."

Nikaweka ungo chini. Mchi ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka. Nilisimama, nikaona mchi wake ukipanda, nikashusha wangu. Ukapanda wangu, ukashuka wake. Tu. Tu. Karanga zikaanza kutoa mafuta na kukimbilia pembeni mwa kinu.

Mchi wangu ulipopanda, mama akaingiza mkono kuzigeuza.